Slaidi haikui: uchambuzi wa aya moja ya ripoti ya kibofu kutoka Tabora

Ripoti ilikuwa ya kurasa nne, kwa Kiingereza, na ilitumwa kwa jarida la kitabibu la nje ya nchi. Aliyeiandika ni daktari kijana wa mkoani Tabora. Mgonjwa anayeelezwa ndani yake ni baba wa makamo, mkulima wa mpunga wa upande wa Igunga, aliyefika hospitali akilalamika kwamba anakojoa damu na mkojo unamkereketa. Baadhi ya mambo ya mgonjwa nimeyabadilisha ili asitambulike. Yanayohusu seli zake nimeyaacha yalivyo, kwa sababu ndiyo kiini cha kisa.

Jarida liliirudisha ripoti pamoja na maoni ya wahakiki wawili. Wa kwanza aliuliza: mgonjwa ana saratani iliyokwisha kupenya, kwa nini hakupelekwa kwa upasuaji mara moja? Wa pili aliuliza: saratani iko wapi katika maelezo haya, na kama haipo, ripoti inataka kutuambia nini? Wataalamu wawili wamesoma aya ileile, na kila mmoja ameondoka na mgonjwa wake.

Aya yenyewe, nikiieleza kwa Kiswahili, ilikuwa hivi: Hadubini ilionyesha ukuaji usio wa kawaida na usiodhibitiwa wa seli za kibofu. Seli zilikuwa zinazaliana kwa kasi na kuvamia tishu za chini. Zilikuwa kubwa na za ajabu, zenye migawanyiko mingi. Uvimbe huu mkali ulisababishwa na kichocho.

Kiingereza chake hakikuwa na kosa la sarufi hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu wenzetu wengi wakirudishiwa makala hukimbilia kutafuta mtu wa kuwanyooshea lugha. Hapa lugha ilikuwa imenyooka tayari. Kilichokosekana ni mpaka kati ya kilichoonekana na kilichodhaniwa.

Kilichokuwa kwenye slaidi

Kipande cha nyama ya kibofu kikishatumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, kila kitu ndani yake husimama pale kilipokuwa. Hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi za hematoksilini na eosini, hubandikwa kwenye kioo. Anayechungulia hadubini anaona idadi ya seli, ukubwa wake, umbo lake, mpangilio wake na mahali zilipo. Kasi haioni. Kuzaliana hakuoni. Ukuaji ni mwendo, na anachokitazama ni hali ya dakika moja iliyosimamishwa. Akiandika kwamba seli zilikuwa zinazaliana kwa kasi, ameshatoka kwenye kioo na kuingia kwenye hoja, na msomaji ana haki ya kumdai ushahidi.

Kwa hiyo mimi na daktari yule tulirudi kwenye kioo. Nilimwomba akae kwenye hadubini, nikamwambia, "Dokta, usinitajie ugonjwa kwanza. Niambie unachokiona, kuanzia juu kwenda chini."

Alikaa kimya kidogo akizungusha skrubu ya kulenga. "Utando wa juu ni mnene, Mwalimu. Mnene kuliko kawaida. Na upande huu wa kushoto sio utando wa kibofu kabisa, ni kama ngozi. Juu kuna keratini, ile protini ngumu ya ngozi na kucha, nyekundu, imejipanga tabaka tabaka."

"Endelea."

"Chini yake kuna mayai. Mengi yamegeuka chokaa, yameiva zambarau. Hili moja bado lina mwiba wake mwishoni. Yamezungukwa na seli za uvimbe joto, na kovu. Halafu huku kulia viini vimekuwa vikubwa na vyeusi, havina mpangilio. Kuna mitosisi hapa, seli zinazogawanyika, katikati ya utando, siyo chini." Akasogeza slaidi. "Na hivi hapa, vijifundo vya seli chini ya utando. Hivi ndivyo nilivyosema vinavamia."

Kwa maneno hayo machache alikuwa ameeleza mambo manne tofauti, yaliyo mahali panne tofauti, na kila moja lina uzito wake kwa mgonjwa. Ripoti ilikuwa imeyabana yote ndani ya "abnormal growth", yaani ukuaji usio wa kawaida.

Unene wa utando ni haipaplasia: seli zimeongezeka idadi, lakini bado ni za aina yake na zimepangika. Kuwasha kwa muda mrefu kunatosha kuileta, na kisababishi kikiondoka huweza kurudi nyuma. Eneo la kushoto ni metaplasia. Kwa kawaida kibofu kimetandikwa seli za mpito, tabaka tano hadi saba hivi kikiwa kitupu, na seli kubwa za juu kabisa hufunika kadhaa za chini yake. Mayai ya kichocho yakikaa ukutani miaka na miaka, utando ule hubadilika ukawa wa seli bapa, wakati mwingine wenye keratini juu. Seli bapa zenyewe si mbaya, ni halali kabisa kwenye ngozi na kwenye umio. Hapa ziko ugenini. Eneo la kulia ni displasia: seli zimeanza kupoteza mpangilio na sura, viini vimekuwa vizito, na migawanyiko inaonekana juu zaidi ya tabaka la chini, ilhali hutarajiwa katika tabaka hilo la chini tu. Na vile vijifundo vya chini ndivyo vilivyowagonganisha wahakiki.

Kiingereza cha kitabibu kina jina la kila kimoja kati ya haya, na majina hayo wanayajua wanapatholojia, madaktari wanaochunguza tishu, wa Mwanza kama wa Tokyo. Ukisema tu kwamba ukuaji si wa kawaida, unamwacha msomaji achague mwenyewe kati ya kidonda cha kuwasha na saratani. Wahakiki wale walichagua, kila mmoja alichokiona kuwa karibu.

Nadhani neno "growth" lilimvutia kwa sababu nyingine pia. Kwa Kiingereza linaweza kuwa tendo la kukua, na linaweza kuwa kitu chenyewe, kivimbe unachokishika kwa mkono. Katika aya moja alilitumia kwa maana zote mbili. Na sisi, tunaozoea kuita uvimbe kila kitu kuanzia jipu, tezi, mguu ulioteguka hadi saratani, hatushtuki tukilisoma. Mhakiki aliyeko mbali anashtuka.

Kubwa kuliko nini?

Ripoti ilisema seli zilikuwa kubwa. Nilimwuliza kama ni seli nzima au kiini chake, akajibu kiini. Basi hilo liandikwe hivyo, maana seli nzima ikipanuka hadithi inakuwa nyingine. Hiyo ni haipatrofi: msuli wa kibofu hupanuka namna hiyo njia ya mkojo inapoziba, na msuli wa moyo hupanuka kwa mtu aliyeishi na shinikizo la damu. Kiini kikipanuka huku saitoplazimu ikibaki ileile, uwiano wa ndani ya seli umevurugika, na hapo ndipo mwanapatholojia anapoinua kichwa.

Na kipimo? Ukisema kubwa, msomaji anataka kujua kuliko nini. Bahati nzuri karibu kila slaidi ina rula yake ndani: limfosaiti, seli nyeupe ndogo za damu, zilizotawanyika kwenye tishu, ambazo viini vyake havitofautiani sana kwa ukubwa. Tulilinganisha, tukaona viini vya eneo la displasia vinafika mara nne hivi ya kiini cha limfosaiti. Sentensi mpya ikataja ulinganisho huo, na neno "ajabu" likafutwa. Badala yake aliandika kilichomfanya alione ajabu: kingo za viini zilizojikunja, kromatini, yaani nyuzi za DNA ndani ya kiini, iliyokolea bila usawa, ukubwa uliopishana kati ya seli na jirani yake.

Hapo hapo niliuliza swali ambalo halikuwa la lugha. Kipande kiliingia kwenye fomalini saa ngapi? Sampuli zetu zinasafiri. Hii ilichukuliwa katika hospitali kubwa nje ya mkoa, na alipofuatilia aliambiwa iliwekwa kwenye fomalini palepale chumba cha upasuaji. Ni jambo la kushukuru. Tishu ikichelewa kutiwa kwenye fomalini, seli hunyauka, viini hukolea, na mitosisi hupungua au huwa ngumu kutambua, hata seli njema ikaonekana na kasoro. Katika ripoti ya kisa, mstari mmoja unaosema tishu ilihifadhiwaje unampa msomaji sababu ya kuuamini mstari unaosema viini vilikolea. Mstari huo haukuwepo, ukaongezwa.

Migawanyiko "mingi" nayo ilitaka hesabu. Alikuwa amehesabu kweli, mitosisi 7 katika maeneo 10 ya lenzi inayokuza mara 40, lakini kwenye ripoti akaandika tu kwamba ni mingi. Hata hivyo "maeneo 10" peke yake hayatoshi, kwa sababu duara linaloonekana kwenye hadubini moja si sawa na la nyingine. Lenzi ya jicho yenye namba ya uwanja (upana wa duara linaloonekana) 22 huonyesha duara la kipenyo cha milimita 0.55 ukitumia lenzi ya 40, na maeneo kumi yanakuwa karibu milimita za mraba 2.4. Yenye namba 18 huonyesha kipenyo cha milimita 0.45, na kumi zake ni kama milimita za mraba 1.6. Mtu mwenye hadubini ya kwanza anakagua eneo linalokaribia mara moja na nusu ya lile la mwenzake, na wote wawili wanaandika "maeneo 10". Ndiyo maana uainishaji mpya wa uvimbe wa Shirika la Afya Duniani unataka hesabu kwa milimita za mraba. Namba ya uwanja imechongwa kwenye lenzi ya jicho, hailazimu kununua kitu. Ya kwake ilikuwa 18. Akaandika mitosisi 7 katika milimita za mraba 1.6, tatu kati yake zikiwa nusu ya juu ya utando.

Hilo ndilo lililo karibu zaidi na ushahidi wa ukuaji kwenye slaidi ya kawaida: seli zilizokamatwa zikigawanyika. Ipo njia yenye nguvu zaidi, ya kutia alama ya protini ya Ki-67, iliyogunduliwa katika mji wa Kiel, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hujitokeza kwenye seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika na hukosekana kwenye zilizotulia. Hakuwa nayo, na si aibu kutokuwa nayo. Ila asiyekuwa nayo hana budi kuacha kuandika habari za kasi.

Vijifundo vya chini

Neno zito kuliko yote katika aya ile lilikuwa "kuvamia". Katika saratani ya utando wa juu, seli zikibaki juu ya utando wa msingi, ule mstari mwembamba unaotenga utando wa juu na tishu za chini, huwa jambo moja, zikiuvuka likawa jambo lingine. Kwenye kibofu tofauti hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kufuatiliwa kwa kamera na kuondolewa kibofu kizima, mgonjwa akaishi na mfuko wa mkojo tumboni. Neno hilo haliandikwi kwa kukisia.

Vijifundo alivyoviona chini ya utando vingeweza kuwa saratani iliyopenya. Vingeweza pia kuwa kitu kingine kati ya vitatu. Kibofu kinachowashwa muda mrefu hujitengenezea viota vya seli zake vinavyozama chini ya utando na kukaa humo bila madhara, vikiitwa viota vya Brunn. Uvimbe joto wa muda mrefu nao unaweza kuufanya utando wenyewe urefushe ncha zake kwenda chini kwa namna inayoiga saratani hata kumchanganya mzoefu, na kichocho ni mmoja wa wasababishi wanaojulikana. La tatu ni la kisu tu: kipande kikikatwa kimshazari, sehemu ya utando wa juu hujitokeza kama kisiwa chini, kumbe imeungana na juu kwa upande usioonekana.

Tulikaa na vijifundo vile muda mrefu. Kingo zake zilikuwa laini na za mviringo. Utando wa msingi ulionekana kuvizunguka. Viini vyake vilifanana na vya tabaka la chini la utando wenyewe, havikuwa vibaya kuliko vya juu. Hapakuwa na seli mojamoja zilizoachana na kundi, wala ule mwitikio wa tishu unganishi, wa nyuzi changa zinazozunguka seli ngeni, ambao mara nyingi hufuatana na upenyaji. Kovu lilikuwepo, lakini lilikuwa limezunguka mayai.

"Basi niandike hakuna saratani?" aliuliza.

Hapana, na hapa ndipo nilipotaka tuelewane vizuri. Kipande kilikuwa kidogo. Msuli wa kibofu haukuwemo kabisa. Anayesema hakuna saratani anazungumzia kibofu kizima, ilhali alichokiona ni kipande cha milimita chache. Sentensi tuliyokubaliana, kwa Kiswahili, inasema hivi: Katika tishu iliyochunguzwa hakukuonekana ushahidi wa upenyaji; msuli wa kibofu haukuwemo kwenye sampuli. Ni sentensi ya mistari miwili, na nusu yake ya pili ina kazi kubwa kuliko ya kwanza. Inamwambia daktari anayefuata kwamba kuna kitu hakijatazamwa.

Kiingereza cha ripoti za patholojia kina ngazi zake za uhakika, na anayeziandika anatakiwa azijue kama anavyojua dozi. Kusema matokeo yanathibitisha ugonjwa ni ngazi ya juu kabisa. Kusema yanaelekeza kwenye ugonjwa ni ya kati. Kusema yanapatana na ugonjwa ni ya chini: maana yake ugonjwa huo haupingwi na kilichoonekana, lakini mengine pia yanawezekana. Wenzetu wengi huzipokezana ngazi hizi ili neno moja lisijirudie, wakiamini wanapamba mwandiko. Katika insha ya shuleni ni sifa. Katika ripoti, msomaji anahesabu kwamba umepanda au umeshuka ngazi.

Kichocho, na tumbaku iliyosahaulika

Sentensi ya mwisho ilisema uvimbe ulisababishwa na kichocho. Kwa ujumla wake, uhusiano huo ni imara. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilikiweka kichocho cha mkojo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1994. Mkulima wa mpunga anayesimama kwenye maji ya jaruba, ambamo konokono wa jamii ya Bulinus, wanaobeba vimelea vya kichocho, huishi, amewekwa kwenye hatari hiyo na kazi yake. Hilo liandikwe kwa wakati uliopo, kwa kuwa ni ukweli wa jumla. Yaliyoonekana kwa mgonjwa huyu yaandikwe kwa wakati uliopita, kwa kuwa yalitokea mara moja, kwenye kioo kimoja. Ripoti ilichanganya nyakati hizo mbili, na uhakika wa dunia nzima ukahamia kwa mtu mmoja bila kuthibitishwa.

Tena palikuwa na pengo. Ripoti nzima haikusema kama mgonjwa anavuta sigara. Tabora ni mkoa wa tumbaku. Urambo, Sikonge na Kaliua wanaijua tangu shambani hadi kwenye mabani ya kukaushia. Uvutaji ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya kibofu duniani. Msomaji yeyote wa nje angeuliza hilo kabla ya kuuliza habari za konokono. Daktari alimpigia simu mgonjwa, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani na za shamba, kisha akauliza. Baba yule alikuwa amevuta tangu ujana na kuacha miaka michache iliyopita. Jibu hilo lilipata sentensi yake, na sentensi ya chanzo ikashuka ngazi: mabadiliko yalionekana pamoja na mayai ya kichocho, na historia ya uvutaji ipo.

Sampuli ya pili

Kwa kuwa ripoti mpya ilitamka wazi kwamba msuli haukuwemo, daktari alirudi kwa wenzake wa hospitali ile kubwa akiwa na sababu iliyoandikwa ya kuomba kipande kingine. Mgonjwa alikuwa ameshapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kipande cha pili kilichukuliwa kwa kina, msuli ukaonekana vizuri. Upande mwingine wa kibofu, mbali na pale pa kwanza, walikuta saratani ndogo ya seli bapa iliyokwisha kuingia kwenye tishu ya chini ya utando, ikiwa haijafika kwenye msuli. Safari hii vijifundo vilikuwa na kingo zilizochongoka, seli zimeachana mojamoja, na nyuzi changa zimezizunguka.

Daktari alihuzunika kwa ajili ya mgonjwa wake, na kwa muda alidhani kwamba aya ya kwanza ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilimwonyesha slaidi mbili pamoja. Ile ya kwanza bado haina upenyaji. Aya ya zamani ilidai kitu ambacho kioo chake hakikuwa nacho, na kama mpasuaji angeiamini, angejielekeza mahali pasipo na saratani. Sentensi iliyosema hakukuonekana ushahidi katika tishu iliyochunguzwa ilibaki kweli hata baada ya saratani kupatikana, na haikubadilishwa herufi. Chini yake iliongezwa aya ya sampuli ya pili, yenye mahali, kipimo na kina chake.

Mgonjwa alipewa rufaa kwa ajili ya upasuaji. Ripoti ilirudi kwa mhariri ikiwa na picha zenye mstari wa kipimo cha mikromita, ambazo mwanzo hazikuwa nao. Kichwa chake, kilichokuwa kimetaja ukuaji mkali na usiodhibitiwa, sasa kinataja metaplasia na displasia ya seli bapa katika kibofu chenye mayai ya kichocho, na saratani iliyopatikana kwenye sampuli ya pili. Mhakiki wa pili alijibu kwa swali moja tu: viini vya eneo la metaplasia, palipo mbali na displasia, vilikuwa na ukubwa gani? Daktari alirudi kwenye hadubini kuvipima.